Saipresi, araukaria au mvinje: kuchagua mti halisi wa Krismasi

Anayetaka kuweka mti halisi wa Krismasi nyumbani hapa Tanzania kwa kawaida hujikuta akichagua kati ya miti mitatu: saipresi iliyokatwa shambani, araukaria iliyo kwenye chungu, na mvinje, ambao watu wa pwani wamezoea kukata tawi lake. Mara nyingi uchaguzi huo hufanywa kwa kutazama umbo na bei tu, halafu ifikapo tarehe 24 mti umekwisha kunyauka, majani yametapakaa sakafuni, na wenye nyumba wanaapa kwamba mwakani watanunua wa plastiki. Nimeweka mti halisi karibu kila mwaka, kwanza Arusha na baadaye Dar es Salaam, na ninaamini kwamba kabla ya umbo, mtu atazame joto la nyumba yake na idadi ya siku ambazo mti utakaa ndani. Mti uleule unaodumu wiki mbili na zaidi Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, haumalizi wiki moja katika sebule ya Dar es Salaam, ambako mwezi Desemba joto la mchana hupita nyuzi 30 na upepo wa kaskazi huingia dirishani kutwa nzima.

Kabla ya kwenda kununua, inafaa kuelewana kuhusu majina, kwa sababu ukiomba "mkrismasi" unaweza kuonyeshwa kitu kingine kabisa. Wengi hulitumia jina hilo kwa mti ule wenye asili ya Madagaska unaotandaza matawi kama mwavuli na kuchanua maua mekundu mwishoni mwa mwaka. Ni mti mzuri sana barabarani na kwenye viwanja vya shule, lakini hauingii sebuleni. Saipresi ninayoizungumzia ni ile iliyopandwa kuwa ua wa mashamba na nyumba katika nyanda za juu, kuanzia Kilimanjaro, Arusha na Lushoto hadi kwa wenzetu wa Limuru na Nyeri nchini Kenya. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, nayo ililetwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mbao.

Mti mmoja wa kwetu, mtarakwa, hufanana na saipresi kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Ukiona matunda, tofauti ni wazi: saipresi huzaa vitunda vigumu kama mbao, vya mviringo, vyenye ukubwa wa gololi, ilhali vya mtarakwa ni vidogo, laini, vya rangi ya buluu iliyokoza. Mti ukiwa bado mdogo na hauna matunda, pitisha kiganja juu ya tawi: majani ya mtarakwa mchanga huchoma, ya saipresi yamelala kama magamba na hayaumizi. Mtarakwa hukua polepole mno na misitu yake imepungua kwa kukatwa miaka mingi, kwa hiyo ukiletewa mlangoni, mrudishie muuzaji kwa upole na umweleze sababu.

Saipresi: harufu ya nyanda za juu

Sababu kubwa ya kuchagua saipresi ni harufu. Vunja kijitawi kimoja, ukisugue kati ya vidole viwili, na utapata harufu kali yenye limau na utomvu ndani yake; jioni ile unapouingiza mti ndani, nyumba nzima hubadilika, na mtoto aliyelala chumba cha mwisho hujua kwamba mti umefika. Araukaria haikupi hilo, na mvinje haukupi hilo. Kwa familia iliyokulia Moshi au Lushoto harufu hiyo ndiyo Krismasi yenyewe, na sioni sababu ya kuidharau katika ulinganisho kama huu kwa kuwa tu haipimiki.

Umbo lake ni suala jingine. Saipresi nyingi zinazouzwa ni vilele vya miti ya ua, na mti uliokua umebanwa na jirani zake kulia na kushoto huwa na majani upande mmoja na mifupa mitupu upande wa pili. Ukipata nafasi ya kwenda shambani mwenyewe, tafuta mti uliosimama pembeni ya ua au kwenye kona, ambao umepata jua pande zote. Mkulima anayepunguza matawi ya ua wake mara kwa mara huwa na miti iliyoshona zaidi kuliko yule aliyeiacha ikajiendea juu.

Namna ya kukata pia ina maana kubwa kwa mkulima. Saipresi haichipui kutoka kwenye kisiki kama mkaratusi. Ukiikata chini kabisa, imekufa. Lakini ukikata kilele na kuacha chini yake matawi kadhaa yaliyo hai na ya kijani, mti unaendelea kuishi, na mara nyingi tawi moja hujiinua polepole na kuwa kilele kipya. Ninapendelea kumwomba mkulima akate hivyo hata kama nitapata mti mfupi kwa nusu mita, kwa sababu ua wake unabaki ua. Mashamba makubwa ya miti ya serikali, kama yale ya Meru na Kilimanjaro Magharibi, yamepandwa kwa ajili ya mbao na si mahali pa mtu kuingia na msumeno. Kenya nako, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii kuanzia Februari 2018, hali iliyodumu hadi 2023, ulikuwa wakati mzuri wa kila mnunuzi kuanza kuuliza mti wake umetoka wapi. Swali hilo liulizwe mwaka huu pia, na mtu aliyeukata kwa haki hatasita kulijibu.

Ukinunua barabarani, pima ubichi kwa mikono yako. Shika kijitawi karibu na shina, ukivute taratibu kuelekea kwako. Magamba ya kijani yakibaki mkononi, achana nao. Tazama sehemu iliyokatwa: mti mbichi una unyevunyevu na utomvu unaonata, mti uliokaa siku tano juani umekauka na kuanza kupasuka. Kisha inua miti miwili ya urefu mmoja, mmoja baada ya mwingine, na uchague ulio mzito, kwa kuwa uzito huo ni maji. Fungua pia matawi ya ndani na uangalie kama kuna vijitawi vilivyogeuka kahawia, majimaji yanayonata na weusi kama masizi, kwani hizo ni dalili za vidukari wa saipresi. Wadudu hao waligunduliwa Malawi mwaka 1986, wakafika Kenya mwaka 1990, na waliua saipresi nyingi sana katika ukanda huu. Hawatakudhuru wewe, lakini hakuna anayependa kuwakuta kwenye kitambaa cha meza.

Mti ukishafika nyumbani, kata tena sentimita mbili au tatu za mwisho wa shina kwa msumeno, kisha uutie majini mara moja, kwa sababu utomvu huziba mahali palipokatwa ndani ya saa chache na baada ya hapo mti haunywi tena vizuri. Wengi wetu tumezoea kuusimamisha mti kwenye debe la mchanga au udongo. Mchanga unaushika mti, lakini hujui kama umekauka hadi uchelewe. Ndoo ya lita 20 iliyojazwa kokoto ni bora kuliko debe hilo: mawe yanaushikilia mti, nawe unayaona maji na kuyaongeza asubuhi na jioni. Kanuni inayotumika kwa miti ya jamii hii ni kiasi cha lita moja kwa siku kwa kila sentimita mbili na nusu za upana wa shina, maana yake shina la sentimita tano linaweza kunywa lita mbili. Maji ya kawaida yanatosha. Sukari na dawa za maumivu ambazo baadhi ya watu huweka hazina faida.

Mwaka mmoja nilisafirisha saipresi ya mita mbili kutoka Arusha hadi Dar es Salaam juu ya basi, safari ya zaidi ya kilomita 600. Niliifunga kwa gunia lililoloweshwa, nami nikaridhika kwamba nimeilinda. Gunia lilikauka njiani mapema sana, likafunguka upande mmoja, na kutwa nzima upepo ukaupiga upande huo. Mti ulifika ukiwa wa kijani nusu na wa rangi ya majani ya chai nusu ya pili. Tuliugeuzia ukutani, tukaupamba, na ulidumu siku sita. Tangu siku hiyo sishauri mtu yeyote wa pwani asafirishe saipresi kutoka bara, isipokuwa kama ana gari lililofungwa na anaufikisha siku moja au mbili kabla ya sikukuu.

Araukaria: mti unaobaki

Araukaria ndiyo ile inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara ikiwa kwenye kiriba au chungu, yenye matawi yanayotoka kwa madaraja, duara juu ya duara, kama vijiti vya mwavuli. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki, ingawa miche mingi inayouzwa kwa jina hilo ni ya ndugu yake kutoka Kaledonia Mpya. Kwa shughuli ya sebuleni tofauti yao ni ndogo. Kwao imezoea upepo wa bahari na chumvi, kwa hiyo joto la Tanga, Dar es Salaam au Mombasa haliisumbui kama linavyoisumbua saipresi iliyokatwa. Na kwa kuwa ina mizizi, swali la siku ngapi itadumu halipo kabisa, mradi inamwagiliwa na inapata mwanga.

Mwanga ndio udhaifu wake ndani ya nyumba. Araukaria iliyowekwa kwenye kona yenye giza hukausha matawi ya chini, na tawi la chini likishakufa halirudi. Utabaki na mti wenye shina tupu chini na kofia juu. Iweke karibu na dirisha na uigeuze robo duara kila wiki ili isiegemee upande mmoja. Ninachoshauri ni kuiacha barazani mwaka mzima, kuiingiza ndani katikati ya Desemba, na kuirudisha nje baada ya wiki tatu, kwanza kivulini kwa siku kadhaa ili jua lisiiunguze ghafla.

Unapoichagua, kitazame kilele chake kabla ya kitu kingine chochote. Kilele kikivunjika, araukaria haipati kingine kilichonyooka kwa urahisi, na tawi la pembeni likichukuliwa na kupandwa hukua kwa kulala, halisimami kuwa mti. Kwa hiyo usikubali mche uliovunjika ncha hata ukipunguziwa bei nusu. Angalia pia kama chungu kina mche mmoja au mitatu iliyobanwa pamoja ili ionekane imeshona. Iliyobanwa huanza kusukumana na kuinama nje ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mche wa kwenye kiriba uhamishiwe kwenye chungu mapema, ikiwezekana kabla ya Novemba, ili usiingie sikukuu ukiwa bado unajiuguza.

Matawi yake machanga ni laini na huinama kwa mapambo mazito. Taa ndogo za kumetameta, riboni, nyota za karatasi na kadi zilizotungwa kwenye uzi vinaifaa. Mipira mikubwa ya kioo haifai. Kupaka rangi ya kupuliza kwenye majani ni kuyaziba pumzi, na mti unaokusudia kuishi nao miaka kumi haustahili hilo.

Mvinje: tawi la pwani

Huko nyuma, kabla vitalu havijajaa araukaria, nyumba nyingi za Wakristo wa pwani zilisherehekea na tawi la mvinje lililosimamishwa kwenye kopo, na baadhi bado hufanya hivyo. Ni mti unaopatikana, unaokua haraka, na nguzo zake hutumika katika ujenzi pwani nzima. Anayetembelea Bamburi, Mombasa, anaweza kuona mivinje ilivyogeuza machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji kuwa msitu, kazi iliyoanza mwaka 1971.

Uchukue uzi mmoja wa kijani wa mvinje na uutazame kwa karibu. Wengi huudhania ni jani, kumbe ni kijitawi chenye vifundo kama mwanzi mdogo. Ukiuvuta, unaachana kwenye kifundo kwa mlio mwembamba, na pale ulipoachana utaona duara la meno madogo sana, ambayo ndiyo majani yenyewe. Vifundo hivyo ndivyo sababu ya mvinje kuchafua sakafu mapema. Tawi lililokatwa huanza kuachana vipande ndani ya siku nne au tano katika joto la pwani, hata likiwa majini, na vipande hivyo huingia kwenye zulia na kukataa kutoka. Vilevile ni mwepesi na wenye uwazi mwingi. Hubeba taa na pamba, lakini si zaidi ya hapo.

Hata hivyo, kwa nyumba yenye bajeti ndogo iliyo karibu na shamba la mivinje, tawi linalokatwa tarehe 23 na kuondolewa tarehe 27 ni uamuzi wa busara kabisa, na linapendeza usiku taa zikiwaka kwa sababu mwanga unapenya katikati yake. Likatwe shambani kwa mwenye mti, si ile mivinje ya ufukweni inayozuia upepo na kushika mchanga.

Msonobari, au mpaina kama wanavyouita wengi Iringa na Njombe, niutaje kwa ufupi kwa ajili ya wanaoishi karibu na Sao Hill, Mufindi. Aina iliyopandwa kwa wingi huko ina majani marefu yanayoning'inia, mara nyingi matatu matatu, ya sentimita 15 na zaidi. Pambo likitundikwa huteleza au kufichwa, na utomvu wake hunata kwenye mikono na nguo. Unashika majani vizuri kuliko mvinje na una harufu nzuri, lakini mwenye uwezo wa kupata saipresi hana haja nao.

Ikiwekwa pamoja

Kwa gharama ya siku ya kwanza, tawi la mvinje liko chini, saipresi inafuata, na araukaria yenye urefu wa mita moja na nusu huwa juu ya zote mbili kwa mbali. Hesabu hiyo hugeuka mwaka wa tatu au wa nne, kwa kuwa mwenye araukaria hajanunua tena. Kwa mapambo mazito saipresi inashinda, mradi utundike karibu na shina na si kwenye ncha zinazolegea. Kwa nyumba yenye mtu wa pumu, ningeepuka saipresi yenye vichomozo vya kutoa chavua, na ningeukung'uta mti nje vizuri kabla ya kuuingiza. Araukaria ni salama zaidi hapo.

Kuhusu moto, niseme bila kuzunguka. Miti yote iliyokatwa huwa kuni kadiri inavyokauka, na saipresi ina utomvu unaoufanya moto ukimbie. Tuna desturi ya kutandaza pamba kwenye matawi iwe kama theluji, na tuna umeme unaoweza kukatika usiku wa mkesha. Mshumaa ukiwashwa karibu na pamba iliyo juu ya saipresi kavu, hakuna ndoo ya maji itakayowahi. Aliye na watoto wadogo na nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara achague araukaria, au aache pamba kabisa, na mshumaa ukae chumba kingine au ubadilishwe kwa taa ya betri. Saipresi ambayo haijanywa maji kwa siku mbili mfululizo imekwisha. Itolewe nje hata kama sikukuu haijafika.

Kwa hiyo, anayeishi Arusha, Moshi, Lushoto, Mbeya au sehemu nyingine ya baridi, na anayemfahamu mkulima mwenye ua, anunue saipresi kati ya tarehe 15 na 20 Desemba na asiiache bila maji hata siku moja. Anayeishi pwani na ana baraza, roshani au hata ngazi inayopata jua, anunue araukaria mwezi Oktoba au Novemba. Anayeishi pwani katika chumba kisicho na mahali pa chungu achukue tawi la mvinje kwa siku nne na asijilaumu.

Linabaki suala la Januari, ambalo wanunuzi wa araukaria hulikosea zaidi ya lolote. Wengi huupanda mti ardhini mara tu sikukuu zinapokwisha, kwa nia njema, na hapo kaskazini mwa nchi ndipo kiangazi cha Januari na Februari kinapoanza. Mche hukaukia shimoni kabla haujashika. Uacheni kwenye chungu hadi masika. Mahali pa kuupanda pawe mita 10 au zaidi kutoka kwenye nyumba, mbali na shimo la maji taka na nyaya za umeme, kwani ukiwa ardhini hupita mita 30. Familia nyingi za Kilimanjaro zilizoko Dar es Salaam hazina kiwanja cha namna hiyo mjini, lakini zina shamba nyumbani. Kwa kuwa Pasaka huangukia kati ya mwishoni mwa Machi na Aprili, mvua zikiwa zimeanza mlimani, chungu kilichokaa sebuleni Krismasi kinaweza kupandishwa garini safari hiyo, kimefunikwa kwa shuka dhidi ya upepo, na mti ukawekwa ardhini kesho yake asubuhi udongo ukiwa umelowa.